Daftari Lililo Chini ya Godoro

Nilikuahidi kwamba mwezi huu tutaongea kuhusu wivu kwenye ndoa. Naomba uniwie radhi, wivu utasubiri. Kuna dada mmoja ananidai jibu, na deni lenyewe limeninyima usingizi.

Ilikuwa siku ya kufunga jarida. Kama hujawahi kukaa ofisini kwetu siku hiyo, basi fikiria jikoni kwenye shughuli ya harusi, saa moja kabla ya wageni kula. Simu zinalia, mpanga kurasa anauliza picha ya ukurasa wa 12 iko wapi, mtu wa matangazo anakuja mbio na tangazo la dakika za mwisho. Katikati ya vurugu hizo mlinzi akaja kuniambia nina mgeni mapokezi.

Nikamkuta dada wa miaka ishirini na kitu, kapendeza, kakumbatia mkoba wa kitenge. Jina lake naliweka kapuni. Ndani ya mkoba kulikuwa na kaunta buku tatu nene, zimejaa mwandiko wa kalamu ya bluu kuanzia jalada hadi jalada. Hadithi ya mapenzi. Mchana anasuka nywele saluni, usiku watoto wakishalala anaandika. Mumewe anauita huo "umbea wako wa kwenye madaftari", kwa hiyo akimaliza anayaficha chini ya godoro.

"Dada mhariri," akaniambia, "mimi niliishia Form Four, na sikufaulu. Hivi mtu kama mimi anaweza kuwa mwandishi kweli?"

Unajua nilimjibu nini? "Acha namba yako hapo mapokezi mdogo wangu, tutakupigia."

Jamani! Nani asiyejua maana ya "tutakupigia"? Alitabasamu kwa adabu, akaandika namba yake kwenye kitabu cha wageni, akaniachia daftari la kwanza, akaondoka. Jarida likafungwa, nikarudi nyumbani, nikaoga, nikalala. Yaani nikajaribu kulala.

Maana mimi najua vizuri jinsi inavyouma. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea mawasiliano ya umma, niliandika hadithi yangu ya kwanza ya mapenzi. Kurasa 30 za karatasi za mistari. Nikampa kijana niliyekuwa naye wakati huo asome. Yeye akaisoma kwa sauti mbele ya washikaji zake kwenye korido ya bweni, tena akaigiza sauti ya yule msichana wa kwenye hadithi. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nikacheka, ili nisionekane nimeumia. Zile karatasi nikaziweka chini ya godoro la bweni, na siku ya kufunga chuo nikaziacha huko huko. Tangu siku hiyo nimeandika makala, mahojiano, hata ushauri wa ngozi ya mafuta. Hadithi ya mapenzi, hapana. Leo nina miaka thelathini na kitu na kazi yangu ni kuhukumu maandishi ya wenzangu.

Basi dada yangu wa saluni, hili hapa jibu lako. Na kama wewe unayesoma una daftari lako mahali, jibu ni lako pia.

Tuanzie mbali kidogo. Tuliosoma shule za bweni tunavikumbuka vile vitabu vidogo vya Mills & Boon vilivyozunguka bwenini hadi vinakatika jalada. Mmoja anasoma kwa tochi ndani ya shuka, mwingine anapanga foleni. Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, na mwaka 1971 ikanunuliwa na kampuni ya Canada iitwayo Harlequin. Kwa miaka ile, mtu aliyetaka kuandika hadithi za mapenzi kwa Kiingereza alibisha hodi kwenye mlango huo.

Mmoja wa waliobisha hodi ni Nora Roberts wa Marekani. Wengi tunamjua kama mwanamke aliyeandika vitabu zaidi ya 200, tajiri, jina kubwa. Lakini hebu mtazame alipoanzia. Alizaliwa mwaka 1950 katika jimbo la Maryland, mtoto wa mwisho na binti pekee kati ya watoto watano. Aliolewa mapema mara tu baada ya sekondari, akafanya kazi ya ukatibu muhtasi kwenye ofisi ya sheria, kisha akakaa nyumbani kulea watoto wake wawili wa kiume. Chuo kikuu hakusoma.

Februari 1979 theluji ilianguka sana, barabara zikazibwa, shule ya awali ikafungwa. Akabaki ndani na vijana wake wawili watundu, siku baada ya siku, hata chokoleti zikaelekea kwisha. Ili asichanganyikiwe akachukua daftari na penseli, akaanza kuandika hadithi iliyokuwa kichwani mwake. Hakuwa na ofisi wala meza yenye maua. Ni mama mwenye watoto wanaogombana, na daftari.

Alipomaliza alituma kazi zake Harlequin. Zikarudi. Akaandika nyingine, nayo ikarudi. Mwenyewe amesimulia kwamba safari moja alijibiwa kuwa Mmarekani wao wanaye tayari. Ndiyo, umesoma sawasawa. Walikuwa na mwandishi mmoja wa Kimarekani, Janet Dailey, na wakaona anatosha.

Mimi nilikata tamaa kwa sababu ya vijana wanne kwenye korido. Nora alikataliwa na kampuni kubwa kuliko zote kwenye fani yake, akaendelea kuandika. Mwaka 1980 ikaanzishwa New York kampuni mpya, Silhouette, iliyotaka hasa waandishi wa Kimarekani. Mwaka 1981 ikatoa kitabu chake cha kwanza, Irish Thoroughbred, kuhusu msichana wa Ireland anayekwenda Marekani kufanya kazi kwenye shamba la farasi. Mlango ulipofunguka, yeye alikuwa na kazi mkononi. Uhondo wenyewe ni kwamba mwaka 1984 Harlequin iliinunua Silhouette. Waliomkataa mlangoni wakawa wachapishaji wake.

Najua unachokiwaza. "Huyo yuko Marekani bwana, kule vitabu vinauzwa mpaka dukani pa maziwa." Haya, njoo nikupeleke Kano, kaskazini mwa Nigeria.

Kano kuna vitabu vya Kihausa vinavyoitwa littattafan soyayya, yaani vitabu vya mapenzi. Ni vidogo, vya karatasi nafuu, vinauzwa sokoni, na waandishi wake wengi ni wanawake. Mmoja wa waliotangulia ni Balaraba Ramat Yakubu. Yeye aliozeshwa akiwa binti wa miaka 12 au 13, kwa mwanamume aliyemzidi umri mbali sana. Ndoa ile haikudumu. Elimu yake ameitafuta ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima. Mtu kama huyo, kwa hesabu zetu za vyeti, ungemwambia nini angekuja mapokezi na daftari? "Tutakupigia."

Lakini aliandika. Mwaka 1990 alitoa kitabu kiitwacho Wa Zai Auri Jahila?, yaani Nani Atamwoa Mwanamke Jahili? Unaona hilo neno jahila, ni ndugu kabisa na jahili yetu. Ni habari ya msichana anayekataliwa na ampendaye kwa sababu hajasoma, anaozeshwa mzee kwa nguvu, kisha anatoroka na kujisomesha. Kitabu chake kingine cha mwaka huo huo, Alhaki Kuykuyo Ne, kinamhusu mke anayefukuzwa nyumbani na watoto tisa baada ya mume kuoa mke mpya, na anaishi kwa kupika na kuuza chakula. Mwaka 2012 kilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Chennai, India.

Na usifikiri alipigiwa vigelegele na kila mtu. Wapo waliosema vitabu hivyo vinaharibu wasichana. Mwaka 2007 gavana wa Kano wa wakati huo aliongoza shughuli ya kuvichoma moto hadharani, tena kwenye shule ya wasichana. Nikisikia hivyo najiuliza, kama hadithi za mapenzi ni upuuzi mtupu, za nini kuwashiwa moto? Hakuna anayehangaika kuchoma upuuzi. Walioviogopa walijua kwamba binti akisoma habari ya binti mwenzake aliyekataa kuozeshwa, naye anaweza kuanza kuuliza maswali.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu pale mapokezi. Nilimtazama yule dada kama mtu anayetaka kuwa maarufu, kumbe alikuwa na jambo la kusema na amelisema usiku kwa usiku kwa kurasa mia kadhaa.

Nikalichukua daftari lake, nikalisoma lote Jumapili moja. Sasa ngoja niwe mkweli, maana kumsifia mtu uongo ni kumdharau. Kurasa kumi za mwanzo zinachosha. Kuna jua linalochomoza, ndege wanaoimba, na kijana mrefu mweupe mtoto wa kibosile mwenye gari la kifahari. Yule kijana sikumwamini hata kidogo. Lakini nikafika mahali ambapo msichana anaumwa malaria, na fundi viatu wa mtaani anamletea machungwa mawili, ameyamenya, anaona aibu kuingia ndani, anayaweka kwenye sahani dirishani na kuondoka. Shoga yangu, nilisimama kusoma. Ningetaka kumjua huyo fundi viatu. Cha ajabu mwandishi mwenyewe hakuona alichokipata. Kurasa mbili mbele amerudi kwa mtoto wa kibosile.

Kwa hiyo, kutokana na daftari hilo na mengi yaliyopita mezani kwangu, naomba nikuachie haya machache.

Kwanza, andika mapenzi unayoyajua. Si lazima shujaa wako awe na gari. Mapenzi ya mjini kwetu yanaota kwenye daladala, kwenye kwaya, dukani kwa Mpemba, kwenye foleni ya maji. Msomaji amechoka na hoteli ya nyota tano ambayo hata wewe hujaingia. Mpe machungwa mawili kwenye sahani.

Pili, kizuizi kiwe kizuizi kweli. Hadithi ya mapenzi bila kizuizi ni kadi ya mwaliko tu. Lakini nyingi ninazopokea zinategemea jambo ambalo simu moja ingelimaliza: alimwona amekaa na dada yake, akadhani ni mpenzi wake, akakasirika miaka mitatu. Jamani, si angeuliza? Kwetu vizuizi vya kweli vimejaa tele. Dini mbili tofauti. Mahari isiyolipika. Mama mkwe. Mmoja amepata kazi Mwanza na mwingine hawezi kumwacha baba mgonjwa Tanga. Chagua kimoja, kiumize, kisha uone wapenzi wako wanatokaje.

Tatu, heshimu mwisho. Anayenunua hadithi ya mapenzi anataka mwishoni apate tumaini. Si lazima harusi na keki ya ngazi sita, lakini usimuue dada wa watu kwa ajali ya basi ukurasa wa mwisho eti kwa sababu umeshindwa kumaliza.

Nne, na hili ndilo kubwa: kaa chini uandike. Nora Roberts hasubiri msukumo ushuke kutoka mbinguni. Kwa miaka mingi ameketi saa sita hadi nane kwa siku, kama mtu anayekwenda kazini, na nidhamu hiyo anasema aliipata kwa masista waliomfundisha utotoni. Waliopitia kwa masista wananielewa! Rasimu ya kwanza anaiandika moja kwa moja bila kurudi nyuma. Ikiisha ndipo anarudi mwanzo kurekebisha, kisha anarudi tena kusafisha. Anaamini ukurasa mbaya unarekebishika, lakini ule mtupu hauna cha kurekebisha.

Wewe huna saa nane, najua. Una mteja wa kusuka, una watoto, una foleni ya Ubungo. Lakini nusu saa unayo, ile unayoitumia kuangalia status za watu WhatsApp. Ukurasa mmoja kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mwaka ni kurasa 260. Hicho ni kitabu.

Tano, linda kazi yako na linda hela yako. Tunza nakala. Daftari likiungua au likiibiwa, hakuna wa kukurudishia, kwa hiyo piga picha kila ukurasa. Hakimiliki Tanzania inasimamiwa na COSOTA, na namba ya kitabu ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Usidhani wizi wa maandishi ni wa watu wadogo. Unamkumbuka Janet Dailey, yule Mmarekani aliyetosha? Mwaka 1997 alikiri hadharani kwamba alinakili maandishi ya Nora Roberts. Na mtu akikwambia atakuchapishia kitabu, lakini umlipe kwanza hata kabla hajasoma mstari mmoja, shika mkoba wako uondoke.

Sita, usiache kazi yako. Nasema kwa upendo. Soko letu la vitabu bado linabebwa sana na vitabu vya shule, na hadithi za mapenzi mara nyingi zinapita magazetini, zile za "itaendelea toleo lijalo", na siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu moja moja kwa malipo kidogo. Usizidharau njia hizo. Zinakufundisha kumaliza kila sehemu msomaji akiwa bado anataka kujua. Na milango mingine inafunguka. Tangu 2023 tuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na riwaya ina nafasi yake. Nani kasema msusi hawezi kushindana? Ila mwenye daftari lisiloisha hana cha kupeleka.

Sasa nikumalizie kisa. Jumatatu asubuhi nilikwenda mapokezi, nikafungua kitabu cha wageni, nikapiga ile namba. Ikaita sana. Akapokea, nyuma yake nasikia kelele za feni ya kukaushia nywele. Nikajitambulisha. Kimya. Nadhani naye hakuamini kwamba kuna "tutakupigia" inayopiga.

Nikamwomba msamaha kwanza. Kisha nikamwambia kuhusu kurasa kumi za jua na ndege, akacheka. Nikamwambia kuhusu machungwa, akanyamaza tena. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Dada, yale machungwa ni ya kweli. Ni mume wangu aliniletea, kabla hatujaoana."

Yule yule anayeita kazi yake umbea!

Nikamuuliza kama mumewe amewahi kuusoma ukurasa huo. Akasema hajawahi kumwonyesha. Anaogopa atachekwa. Hapo mimi sikuwa na ushauri wa maana, maana wa kwangu aliposoma alicheka kweli. Nikamwambia tu aamue mwenyewe, lakini hadithi ni ya fundi viatu na aiandike upya kuanzia dirishani. Tumekubaliana ataniletea sura tatu, na nikiziona zimekaa sawa nitazipigania kwenye kikao cha wahariri. Sijamwahidi kuchapishwa. Nimemwahidi kusoma.

Na mimi? Jana usiku, baada ya kumaliza kuosha vyombo, nilinunua ugomvi na aibu yangu ya zamani. Nikakaa mezani na kaunta buku mpya. Nimeandika ukurasa mmoja. Ni mbaya sana, una jua linalochomoza na kila kitu. Lakini upo, na kesho nitaurekebisha.

Godoro ni la kulalia, mpenzi msomaji. Litoe daftari lako.

Mwezi ujao tutaongea kuhusu wivu, safari hii naapa. Tukutane hapa hapa.

Wako,
Mhariri